Ndoo ya Nne

Ukimuuliza Mama Pacha, atakwambia kwamba Rula alitoka chumbani kwao mbio, macho yamemtoka, akaipiga teke ndoo iliyojaa maji mpaka ukingoni, ndoo ikabingirika ua mzima hadi mlangoni kwa mwenye nyumba, kisha mtoto huyo akasimama pale pale akacheka. Atakwambia kishikio cha ndoo kilimkosakosa mmoja wa pacha kichwani kwa upana wa kidole. Hiyo ni siku ya kwanza. Kufikia siku ya tatu, akimsimulia muuza mkaa huku akijichagulia vipande vikubwa, upana wa kidole ulikuwa umepungua ukawa upana wa unywele, pacha wote wawili walikuwa uani, na Rula hakuwa amecheka tu, alikuwa amepiga na makofi.

"Roho ya korosho ile," Mama Pacha alimalizia. "Mwanangu kakataa kucheza naye, basi hasira zote kazimwagia maji yangu."

Muuza mkaa akatikisa kichwa, akasema makubwa haya, watoto wa siku hizi.

Mama Pacha alijua kusimulia, hilo hakuna wa kumnyima. Alijua wapi pa kupunguza sauti na wapi pa kujishika kifua, na chumvi hakuionea uchungu.

Ukimuuliza Rula mwenyewe, utasubiri sana. Si kwamba anaficha. Siku ile watu walimzunguka wakamuuliza, "Kwa nini umefanya hivyo?" naye akabaki anatafuta hiyo "hivyo" ni ipi, maana alikuwa amefanya mambo manne, na hakuna aliyemwambia wanaulizia lipi. Alipokuwa bado anachagua, wenzake walishajipatia jibu lao.

Basi tulitazame jambo lenyewe polepole, kama lilivyokuwa.

Nyumba ilikuwa ya vyumba tisa vinavyotazamana, katikati ua wa saruji, na mwisho wa ua bomba moja. Maji yalitoka Jumatano na Jumamosi, saa yoyote yatakayojisikia, na yakitoka hayakukaa. Kwa hiyo watu walipanga ndoo mapema, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake, akaiacha ndoo yake imsimamie. Mwenye nyumba, bibi mmoja mnene mwenye sauti nyembamba, alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: ndoo ni mtu. Ukiisogeza ndoo ya mwenzako, umemsukuma mwenyewe kifuani. Na anayeisogeza yake mbele, akijulikana, anatoka kwenye foleni mara mbili. Jumatano hapati, Jumamosi hapati, aende akahangaike na bomba la barabarani huko kwa wenye madumu.

Shida ilikuwa hapo kwenye kumjua. Watu wakibishana nani katangulia, kila mmoja alikuwa na kiapo chake mfukoni. Mpaka walipogundua kwamba Rula anajua.

Rula alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwembamba, mrefu kuliko sare yake. Jina walimpa darasani kwa kumcheka, kwa sababu alitembea akiufuata ukuta kama aliyechorewa mstari, na hakuweza kuanza kuandika mpaka daftari, kalamu na kifutio vilale sambamba. Jina likamganda hata mama yake akawa anamwita hivyo. Miaka ya nyuma daktari aliwahi kumwandikia mama yake neno moja kwenye karatasi: usonji. Akaeleza kwamba si ugonjwa wa kumeza vidonge ukapona, ni namna ubongo wa mtoto ulivyoumbwa. Kwamba sauti, mwanga na watu vinamwingia vyote kwa pamoja bila kubisha hodi, na kwamba asilazimishwe kutazama watu machoni. Mama aliikunja ile karatasi akaitia kwenye kopo la vifungo. Majirani hakuwaambia. Alikuwa ameshachoka kueleza.

Kwa wengi, basi, Rula alikuwa mtoto wa ajabuajabu. Lakini siku za maji alikuwa shahidi. Aliketi dirishani akaziangalia ndoo zikija moja moja, na hakuweza kuzisahau hata angetaka. Ya kijani yenye ufa uliozibwa kwa plastiki ya kuyeyusha. Nyeupe iliyokuwa ya rangi ya ukutani. Ya bluu yenye kishikio cha waya. Ugomvi ukianza, mwenye nyumba alisema, "Muulizeni Rula," na ua mzima ukageuka kumsikiliza. Hakukuwa na mahali pengine ambapo watu walinyamaza ili Rula aseme.

Na rafiki alikuwa naye, mmoja. Hapo napo Mama Pacha alipiga chenga, kwa sababu rafiki huyo alikuwa binti yake wa kwanza, wa darasa moja na Rula. Alikuwa anaitwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua nukta wala mkato.

Njia ya shule ilipita mtaa wa mafundi wa mageti. Karakana kumi na mbili, huku sita na kule sita, na katika kila moja msumeno wa umeme ukikata chuma. Kwa watu wengine hiyo ni kelele. Kwa Rula ilikuwa inaingia kwenye meno, inashuka mgongoni, inamfunga magoti. Lakini Chiriku alimweka upande wa ukutani, akamsogelea sikio, akaanza: jinsi pacha walivyokula sabuni ya kufulia, jinsi mwalimu wa hesabu alivyovaa soksi mbili za rangi tofauti, jinsi yeye mwenyewe alivyoota mbuzi anaendesha baiskeli na kumpigia kengele. Hakuwa na haja ya kujibiwa. Rula aliyashika maneno yale kama mtu anavyoshika kamba gizani, akapita nayo hatua kwa hatua mpaka wakatokea upande wa pili. Ilikuwa hivyo kila siku kwa miaka mitatu. Wala Rula hakuwahi kumwambia kwamba bila yeye asingefika shule. Alidhani Chiriku anajua.

Jumamosi ile ndoo ya bluu yenye kishikio cha waya, ya kina Chiriku, ilikuja ya nane. Saa nane na dakika arobaini, ua ukiwa mtupu, Rula alimwona Chiriku anatoka, anatazama huku, anatazama kule, kisha anaisukuma ndoo yao kwa mguu, taratibu, mpaka ikawa ya nne. Akazisogeza zile nyingine kuziba pengo. Akarudi ndani bila kuinua uso.

Rula akangoja airudishe. Alidhani amekosea, au ni mchezo, na michezo Rula hakuwa anaielewa yote. Maji yakatoka saa tisa na robo, membamba kama mkia wa panya. Ndoo tatu zikajaa. Chiriku akatoka akaiweka ya bluu chini ya bomba, mama yake akamwita, akarudi ndani.

Hapo ndipo Rula alipotoka. Hakukimbia, maana Rula hakimbii. Aliiondoa ndoo ya bluu, ikiwa haijafika nusu. Akaiweka ya kijani, ambayo ndiyo iliyostahili. Akaibeba ya bluu kwa mikono miwili mpaka nafasi yake ya nane. Akaiweka chini na kukigeuza kishikio kitazame ukutani, kama kilivyokuwa mwanzo. Hayo ndiyo mambo manne.

Mama Pacha akatokeza wakati huo huo, akaona, akapiga yowe, akakivuta kishikio. Rula, ambaye alikuwa bado amekishika, hakukiachia. Ndoo ikalala ubavu, maji yakakimbilia mtaroni. Hakuna aliyepiga teke na hakuna aliyecheka. Pacha wenyewe walikuwa ndani.

"Kuna nini? Nani kafa?" Mwenye nyumba alitoka na kanga yake kifuani.

"Huyu! Huyu mwehu wako wa dirishani kanimwagia maji!"

Watu wakajaa uani. Ndipo walipouliza ile "kwa nini" yao, na Rula akawa bado anachagua.

"Ndoo ilikuwa ya ngapi?" mwenye nyumba akauliza.

"Ya nne," Mama Pacha akasema.

"Ya nane," Rula akasema.

Ua ukanyamaza, kama ulivyozoea kumnyamazia.

"Rula. Nani kaisogeza?"

"Chiriku. Saa nane na dakika arobaini. Aliisukuma kwa mguu wa kulia."

Huo mguu wa kulia ulimchekesha mtu huko nyuma, akacheka puani. Chiriku alikuwa amesimama mlangoni kwao, nguo ya mtoto iliyochafuka mkononi. Mama Pacha akamgeukia, akamzaba kofi lililosikika mpaka barabarani.

"Nani kakutuma? Eh? Nani kakutuma unitie aibu mbele za watu?"

Chiriku akafungua mdomo. Rula alikuwa akiutazama mdomo huo, kwa sababu macho hakuyaweza, na aliuona unafunguka, unakaa wazi, kisha unafungwa. Hakuwahi kuuona mdomo ule umekosa neno.

"Jumatano na Jumamosi," mwenye nyumba akasema kwa sauti yake nyembamba. "Sheria ni sheria, mama. Utanisamehe."

Jumatatu Rula alisimama getini saa kumi na mbili na nusu kama kawaida. Chiriku alipita na wasichana wawili wa timu ya mpira wa mikono, akampita kama mtu anavyopita nguzo. Rula akawafuata mpaka kona ya mafundi. Wale watatu wakaingia katikati ya kelele wakicheka, wakapotea. Yeye akabaki na viganja masikioni. Alijaribu kujisimulia mwenyewe habari ya mbuzi na baiskeli, lakini kwa sauti yake haikushika. Ilikuwa kamba ya karatasi. Alienda hatua nne, akarudi nne.

"Binti, pita tu! Hatung'ati!" fundi mmoja akamwita, akauzima msumeno wake kwa heshima. Kumi na mmoja wengine hawakuzima.

Akazunguka. Njia ya kuzunguka ilipita nyuma ya maghala, ikapanda, ikashuka, na alipofika shule vipindi viwili vilikuwa vimekwisha.

"Rula," mwalimu akasema, "saa yako imeharibika?"

"Hapana, mwalimu. Inakwenda sawa."

Darasa likavunjika mbavu. Chiriku hakucheka. Alikuwa amehamia dawati la nyuma kabisa, anatazama dirishani. Mahali pake palikuwa wazi, na kwenye mbao kulikuwa na alama ya wino ya kiwiko chake. Rula alipanga kalamu zake. Akazipanga tena.

Wakati wa mapumziko alimfuata. Alikuwa ametafakari njia nzima aseme nini, na akachagua kitu ambacho alikuwa na hakika nacho.

"Chiriku, ulikuwa mguu wa kulia kweli. Sikukosea."

Chiriku alimgeukia. Shavu lilikuwa bado limevimba kidogo chini ya jicho.

"Wewe unajua nini, Rula? Wewe unajua ndoo tu. Niache."

Wale wasichana wawili wakamshika Chiriku mikono, mmoja huku mmoja kule, wakaondoka naye. Rula alisimama pale mpaka kengele ilipolia, kwa sababu hakuwa na sababu ya kwenda mahali pengine.

Mama yake alirudi jioni akinuka wanga na mvuke. Alikuwa anapiga pasi kwa dobi mkubwa, mashuka ya hoteli na makoti ya madaktari, na vidole vyake vilikuwa na madoa ya moto, ya zamani na mapya. Alivua viatu, akaloweka miguu kwenye beseni, akafumba macho.

"Mwalimu kanipigia simu kazini," akasema. "Umechelewa."

"Chiriku hatembei na mimi. Amenuna."

"Najua, mwanangu."

"Kwa sababu nilisema?"

"Kwa sababu ulisema mbele za watu."

"Bibi aliniuliza mbele za watu."

Mama alikuwa akisugua kidole gumba. "Ungeweza kusema hukumbuki."

"Lakini nakumbuka."

"Najua unakumbuka, Rula. Hata mimi kuna siku natamani usahau kidogo, tupumzike." Kisha akafumbua macho haraka. "Sikutaka kusema hivyo. Nimechoka tu. Njoo."

Rula hakwenda. Alikaa kwenye mkeka akilifikiria neno "sikumbuki". Alilisema kimya kimya, mara tano. Lilikuwa kama kuvaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia. Kinaingia, ila huwezi kutembea nacho.

"Hebu nikuulize," mama akasema. "Wiki ile iliyopita uliona nini kwenye kamba ya kina Chiriku?"

"Nguo za pacha. Ijumaa zilikuwa kumi na saba. Kawaida huwa sita."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba ni nyingi."

Mama akaanza kucheka, kicheko kikaishia njiani. "Jana nilipita kwao nizungumze na mama yake. Kanifungia mlango, lakini pua yangu haikufungiwa. Watoto wanaharisha, Rula. Wote wawili, na nadhani ni tangu wiki iliyopita. Jumamosi ndani hakukuwa na tone la kuwaoshea. Na yule mama kashagombana na ua mzima, angemwomba nani? Ndiyo akamtuma binti yake."

"Mama Pacha ndiye aliyemtuma?"

"Kuna mtoto anasogeza ndoo kwa raha zake?"

"Lakini alimpiga. Alisema, nani kakutuma."

"Ndiyo."

"Na Chiriku anajua nani kamtuma."

"Anajua."

"Aliulizwa mbele za watu. Na hakusema."

"Hakusema," mama akakubali, akaitoa miguu kwenye beseni.

Rula aliwaza jambo hilo mpaka chakula kikapoa. Siku zote alijua kwamba anayejua akiulizwa anajibu, kwamba swali ni kama ndoo tupu na jibu ni maji, unajaza tu. Sasa alikuwa amemwona mtu mwenye jibu kamili mdomoni, la kweli kabisa, ambalo lingemwokoa, amelimeza pamoja na kofi. Hakuelewa inafanyikaje. Alielewa tu kwamba Chiriku, ambaye hakuweza kunyamaza hata kwenye mtihani, aliweza kunyamaza pale, na kwamba yeye Rula asingeweza. Hilo lilimuuma mahali ambapo hakupajua.

Jumanne alizunguka maghala tena. Asubuhi kabla ya kutoka alimwona Chiriku akirudi kutoka bomba la barabarani na dumu kichwani, shingo inatetemeka, sare imelowa bega zima. Alipita dirishani kwa Rula bila kugeuka. Jumanne hiyo alikuwa amefanya safari tatu kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na darasani alisinzia mpaka mwalimu akamgongea dawati.

Jumatano maji yalitoka saa kumi na moja kasoro, wakati Rula amesharudi. Ndoo yao nyeupe, aliyoiweka mwenyewe, ilikuwa ya pili. Aliangalia inajaa, na wazo lililokuwa likimzunguka tangu juzi likatua. Lakini kwanza alitaka kuwa na uhakika wa sheria.

"Bibi," akamwambia mwenye nyumba aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, anasimamia, "ndoo yangu ikishajaa, naweza kuipeleka popote?"

"Ikishajaa ni yako. Hata ukitaka kuwaosha kuku miguu."

"Hatuna kuku."

"Nenda, mtoto. Nenda," bibi akasema akipunga mkono.

Kutoka bombani mpaka kwa Mama Pacha ni hatua ishirini na mbili, na Rula alizipiga polepole ili yasimwagike. Wanawake wawili waliokuwa kwenye foleni waliacha kuzungumza. Aliitua ndoo kizingitini, akasimama wima, akabisha hodi mara tatu kama inavyotakiwa.

Pazia likafunguka. Mama Pacha alikuwa na nywele zimesimama na macho ya mtu asiyelala. Alimtazama Rula, akaitazama ndoo, akamtazama tena.

"Umekuja kuupima mlango?"

Rula alikuwa ameyaandika maneno yake kwenye daftari na kuyasoma mara nyingi. "Nimeleta maji. Pacha wanaharisha. Niliona nguo kumi na saba nikadhani ni nyingi tu. Sikujua. Samahani." Hapo ndipo yalipoishia kwenye daftari. Lakini yalikuwa hayajatimia, aliyaona yamepinda, basi akaongeza, "Ndoo ilikuwa ya nane lakini."

"Toba!" Mama Pacha akashika kiuno. "Mtoto huyu hata akiomba radhi anakusuta!"

Kutoka kwenye foleni mtu akacheka. Mama Pacha akataka kusema jingine kubwa zaidi, Rula aliliona linampanda kooni, lakini ndani mtoto mmoja akalia, kilio chembamba kisicho na nguvu, na mwenzake akaitikia. Lile kubwa likashuka.

"Mama yako anajua umeyaleta huku?"

"Hajui. Nitamwambia akirudi."

"Yaani kitendo hiki nacho utakwenda kukisema."

"Ndiyo."

"Huwezi kunyamaza hata kidogo, wewe?"

"Bado najifunza," Rula akasema.

Mama Pacha akaguna. Ule uso uliojua kusimulia haukuwa na la kusimulia. Aliinama, akaibeba ndoo kwa mkono mmoja, akaingia nayo. Rula akasikia maji yanamiminwa kwenye beseni, kwa uangalifu, mpaka tone la mwisho. Ndoo ikarudi tupu, ikawekwa kizingitini.

"Haya. Nenda kwenu." Lakini haikusemwa kwa ukali. Pazia likashuka.

Rula aliichukua ndoo, ila hakwenda. Pazia lile lilikuwa fupi, halikufika chini. Hatua mbili nyuma yake, kwenye sakafu ya saruji, aliona miguu miwili mitupu ambayo haikuwa ya Mama Pacha. Vidole vimelowa. Kidole kidogo cha kushoto kilikuwa na plasta iliyochakaa. Miguu hiyo ilikuwa imesimama pale tangu mwanzo.

Nyuma yake foleni iliendelea, ndoo zikiburuzwa saruji. Rula hakuwa na maneno mengine kwenye daftari. Ilimbidi ayatafute pale pale, akiwa amesimama, jambo ambalo hakulizoea, na alikuwa na hofu kwamba kila atakalolishika litatoka limepinda.

"Chiriku," akasema, akiiambia ile miguu. "Siwezi kupita kwa mafundi. Sikuwahi kukwambia. Nilidhani unajua."

Kile kidole chenye plasta kikajikunja.

"Najua nani alikutuma. Sijamwambia mtu. Nimeambiwa na mama tu, lakini sijamwambia mtu mwingine." Akaihamishia ndoo mkono wa pili. "Leo bibi hakuniuliza. Akiniuliza, sijui nitafanya nini. Lakini hajaniuliza."

Ndani, maji yalikuwa yanachotwa kwenye beseni, mtoto anaoshwa, analalamika.

"Kesho naomba nitembee nyuma yako," Rula akasema. "Si karibu. Hatua sita. Huna haja ya kuzungumza na mimi wala kunitazama. Zungumza tu na hao wenzako, kwa sauti, kama unavyozungumzaga. Mimi nitakuwa nasikia huko nyuma."

Alingoja. Mguu mmoja wa nyuma ya pazia ulipanda juu ya mwingine, ukajikuna, ukashuka. Mwanamke wa kwenye foleni alimwita apishe njia. Rula akajibana ukutani, akaikumbatia ndoo yake tupu, macho yake hayakutoka kwenye ile miguu.

"Hatua kumi basi," akasema.